Vigingi Walivyopigilia Wenyewe

Dada yangu akiingia nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza, haangalii mapazia wala makochi. Anaangalia sakafu imeinamia upande gani. Akishakaa, hata chai haijafika, utamsikia anauliza, "Mvua ikinyesha hapa, maji yanatokea wapi?" Nimeshaona aibu kwa ajili yake mara nyingi, harusini na hata msibani. Watu walimbandika jina la Bibi Vigingi, kwa sababu nyuma ya gari la ofisi hakosi fungu la vigingi vya mbao na kamba ya buluu. Zamani jina hilo lilikuwa la mapenzi. Siku hizi wanalitamka kwa namna nyingine, na mimi mdogo wake nimeshindwa kunyamaza.

Tulilelewa na shangazi yetu, dada wa baba, katika nyumba ya matofali ya udongo iliyo ukingoni mwa korongo. Asiyelijua korongo la nchi kavu atacheka akiambiwa kwamba ule mchanga ni mto. Karibu mwaka mzima hakuna tone. Migunga imesimama humo humo katikati, na mbuzi wanalala kivulini mwake. Halafu siku moja, mbingu nyeupe bila wingu, unasikia mngurumo, kwa kuwa mvua imenyesha mbali huko vilimani, na maji yanashuka na magogo, matope na kila kilichokuwa njiani. Tulipokuwa wadogo yalibeba zizi la Shangazi na mbuzi wote waliokuwemo. Alitupandisha sisi juu ya paa, yeye akabaki chini ameshikilia mlango, anayatukana maji matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baada ya hapo kisima chake kikajaa kuliko tulivyowahi kukiona. Dada alikuwa mtoto, lakini alilishika lile: korongo lililotunyang'anya mbuzi ndilo lililotupa maji ya kunywa.

Kwa hiyo alisomea alichosomea. Mimi nilikaa kwenye cherehani, yeye akaenda chuo akarudi mtathmini wa mazingira katika idara ya maji. Watu wakiniuliza kazi hiyo ni ipi, nawaambia ni ya yule anayesimama kando ya meza kabla kitambaa hakijakatwa, anasema nguo hii itabana kwapani. Kuna mafundi hawapendi kuambiwa hivyo, na idara ile ilikuwa na mafundi wengi wa aina hiyo.

Akaolewa na mchora ramani wa ofisi ya ardhi. Niseme ukweli, maana sipendi watu wanaojifanya walijua tangu mwanzo: shemeji yangu nilimpenda. Mtu mpole, penseli sikioni, kucha safi. Alikuwa akija kibandani kwangu kupunguza suruali, anakaa muda mrefu ananivunja mbavu kwa maneno yake ya chinichini. Hata Shangazi alikuwa akimtania, na mkwe kutaniana na mama mkwe si jambo la kila siku, lakini yeye alimzoea Shangazi mpaka akawa anamfunulia sufuria jikoni. Shangazi hakumwita mkwe. Alimwita mwanangu.

Jioni, wao wawili walifanya kazi kwenye meza moja sebuleni. Upande huu dada na ramani zake za korongo, upande ule shemeji na viwanja vyake. Alikuwa akimchongea dada penseli bila kuombwa, anazipanga mbele yake. Mimi sijaolewa, na nilikuwa nikitoka pale nimejaa wivu.

Basi mwaka ule mafuriko yaliingia sokoni. Maduka yalijaa matope hadi kwenye rafu, na idara ikaambiwa itafute namna ya kuyazuia. Kazi ya kupima njia zote na kusema ipi iliyo bora alipewa dada. Alifurahi kama aliyeposwa tena. Mkuu wa idara alimwita mbele ya wenzake, akasema hakuna mwingine anayelijua korongo lile kama yeye.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kulitandika korongo zege chini na pembeni, liwe mfereji mwembamba, maji yapite mbio yaende zake. Ya pili ni kujenga tuta la udongo upande wa mji, na hiyo dada aliikataa mapema, kwa sababu maji yakizuiwa huku yanahamia kwa watu wa ng'ambo, na watu wa ng'ambo nao wana watoto. Ya tatu ndiyo aliyoipenda. Kule juu vilimani panawekwa vizuizi vya mawe yaliyofungwa ndani ya waya, maji yapungue kasi. Korongo linaachwa pana na mchanga wake na migunga yake, ili maji yatandae, yatulie, yazame, yaende kwenye visima. Ila njia hii ilitaka kitu kimoja kigumu. Watu walioishi kandokando walipaswa kurudi nyuma, kila mmoja apunguze uwanja wake, maji yakija yapate pa kukaa.

Alitembea korongo lote kwa miguu. Alitazama takataka zilizonasa kwenye matawi, ajue maji yalifika wapi. Aliwauliza wachunga mbuzi, wachimba mchanga, wanawake wenye visima. Halafu alianza kuvuta kamba. Na hapa alikuwa na utaratibu wake ambao sijamwona mtu mwingine wa ofisi akiufuata. Hakupigilia kigingi kwenye uwanja wa mtu. Alivuta kamba, alieleza, alinyamaza, na mwenye uwanja akikubali, alimpa nyundo. Mwenyewe apigilie. Nilimuuliza kwa nini anajichelewesha hivyo.

"Mimi nikipigilia, kesho nitakuwa serikali iliyomsukuma mtu," alisema. "Akipigilia mwenyewe, ni yeye amelipa maji nafasi."

Shemeji aliusifia sana utaratibu huo. Alisema ni heshima kubwa kwa watu. Akajitolea hata kwenda naye siku za mapumziko, na kamera yake shingoni, awapige picha wenye viwanja wakiwa na nyundo mkononi. "Wawe na ukumbusho," alisema. Kila mtu alipenda. Watu walikwenda kuvaa nguo nzuri ndipo wakarudi kupigilia vigingi.

Shangazi ndiye aliyekuwa na kichwa kigumu kuliko wote. Kamba ilipita katikati ya uwanja wake. Zizi jipya la mbuzi lilikuwa nje ya mstari, upande wa korongo, na mikomamanga yake mitatu, na ukuta mmoja wa jiko.

"Umekuja kuninyang'anya jiko," alimwambia dada. Mimi nilikuwapo, nimemletea Shangazi gauni lake.

"Sikunyang'anyi, Shangazi. Zizi likibaki hapa, maji yatalibeba tena kama lile la zamani."

"Na wakiweka zege?"

"Wakiweka zege maji hayatafika hapa. Lakini hayatazama pia. Kisima chako kitakufa."

Shangazi alikitazama kisima. Kilichimbwa na babu yetu, na watu wa nyumba za jirani wote waliteka hapo bila kuulizwa.

"Kwa hiyo nikirudi nyuma, hawatii zege."

"Ndiyo maana ya kurudi nyuma."

"Nani amesema?"

"Mimi."

Shangazi alipangusa mikono kwenye nguo. "Wangekuja wao ningewamwagia maji ya moto," alisema. "Haya, lete nyundo. Ni wewe unayesema, siyo wao."

Alipoinama kupigilia, shemeji alikuwa amechuchumaa mbele na kamera yake. Akamwambia, "Piga kwa nguvu, mama, usije ukarudi gizani kukisogeza." Shangazi akaangua kicheko, meno yote nje, nyundo juu, na picha ikapigwa hapo hapo. Baadaye shemeji mwenyewe alimletea mwashi wa kumjengea upya ukuta wa jiko. Mikomamanga ilikatwa. Zizi tukalibomoa pamoja, mimi nikiwa na matope hadi magotini, na majirani walipoona Shangazi amekubali, nao wakaomba nyundo.

Dada aliwasilisha tathmini yake. Mkuu na wenzake wakasimama wakapiga makofi, wakasema njia ya tatu ndiyo njia, ni ya kisasa, inaheshimu mazingira. Mkuu akamvisha kilemba cha ukoka mbele ya wageni, akamwita hazina ya idara. Kisha akampeleka kwenye mafunzo katika mji wa mbali, zawadi ya kazi nzuri. Dada alinunua sanduku jipya. Shemeji alimsindikiza hadi kituoni.

Aliporudi, hakupitia nyumbani. Alimwambia dereva ampeleke kwanza korongoni, akaone kama mawe ya vizuizi yameanza kupelekwa vilimani. Alikuta tingatinga. Migunga ilikuwa imelala pembeni mizizi juu, na katikati ya mchanga palikuwa na mbao na nondo na vijana wakimimina zege.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu. Alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu cha wateja na sanduku lake jipya miguuni.

"Mlichagua njia ya tatu," alimwambia mkuu. "Mlipiga makofi."

"Na hatukuiacha," mkuu akajibu, wala hakuona haya. "Suala la watu kurudi nyuma tumelitoa kwenye njia ya tatu. Mfereji tumeutoa kwenye njia ya kwanza. Tumechanganya. Kazi yako haikupotea hata kidogo."

"Kama ni mfereji, watu walirudi nyuma kwa nini?"

"Ardhi ile ina matumizi mengine sasa. Haifuriki tena, imekuwa nzuri, iko karibu na mji."

"Basi wanastahili fidia."

"Fidia ya nini? Hakuna aliyehamishwa. Kila mmoja amepigilia kigingi chake mwenyewe, kwa hiari, anacheka. Picha zipo."

Dada alisema neno hilo la picha lilimpita bila kumgusa. Hasira zilikuwa zimemziba masikio. Alitoka akarudi korongoni, akafuata mstari wa kamba yake, kigingi hadi kigingi. Pembeni mwa kila kimoja sasa palisimama chuma cha mpaka cha ofisi ya ardhi, na kati ya mstari ule na mfereji ardhi yote ilikuwa imegawanywa viwanja. Vijana wa upimaji walikuwa wakikunja vifaa vyao. Mmoja alimtambua, akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Kazi imekuwa nyepesi kwetu. Mzee alikuwa ameshachora kila kitu, sisi tumekuja kuweka chuma tu."

"Mzee yupi?"

Kijana akashangaa. "Mzee wa nyumbani kwako, mama."

Hapo ndipo alipokuja kwangu na sanduku. Nilitaka kwenda naye kwake. Akakataa, akanawa uso, akaenda peke yake. Jua lilikuwa bado halijazama, na shemeji alikuwa mezani, upande wake, penseli za dada zimechongwa na kupangwa zinamsubiri.

"Ulijua lini?" dada akamuuliza.

Hakukana. Ningempenda zaidi kama angekana. Alivua miwani, akaifuta.

"Kabla hujapewa kazi," alisema. "Mkuu wako na mkuu wangu walikaa. Zege lilikuwa lije tu, uwe wewe au mwingine. Tatizo lilikuwa watu wa kando. Walitaka mtu ambaye wale watu wangemsikiliza."

"Wakanipata mimi."

"Mimi ndiye niliyetaja jina lako. Ulikuwa unaitamani kazi ile. Nilikuona ulivyofurahi."

Dada aliniambia kwamba alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Alikumbuka jioni zote alizokaa hapo akieleza nani amekubali na nani bado, na yeye upande ule akiuliza kwa sauti yake ya upole, "Na yule wa kona, amerudi mpaka wapi?" Alidhani anaulizwa na mume.

"Na zile picha?"

"Nilijua watazihitaji."

"Umemzunguka Shangazi."

"Sikumzunguka," alisema shemeji, na kwa mara ya kwanza akaonekana ameumia. "Kiwanja cha pale pake nimekichukua mimi makusudi, kisiende kwa mtu baki. Nyumba yetu itakuwa palipokuwa na zizi. Atakuwa anakuja kukaa barazani kwetu. Nilifikiria kila mtu."

Hilo ndilo linalonichemsha damu hadi leo. Mwizi anayejua kwamba ameiba, unaweza kumtukana ukatua mzigo. Huyu alikuwa anasubiri kushukuriwa.

Dada hakurudi kulala nyumba ile. Alikwenda kwa Shangazi na sanduku lake, akamweleza yote mlangoni, kabla hajakaribishwa. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, Shangazi."

"Basi ingia, usiache mlango wazi."

Majirani hawakumuuliza hata hilo. Wao walijua kwamba Bibi Vigingi alikuja na kamba, akawaambia warudi nyuma ili zege lisije, wakarudi, na zege likaja. Walijua pia kwamba mume wake ana kiwanja pale. Mtu angewaeleza nini? Mwanamke mmoja ambaye dada alimfundisha kukinga kisima chake na matope alimpita njiani, akahamisha ndoo mkono wa pili ili asimpe mkono. Idarani dada aliandika kuacha kazi. Mkuu alimwambia afikirie vizuri, kwa kuwa korongo la mji wa pili nalo linahitaji kutathminiwa.

Mvua iliponyesha vilimani, mfereji ulifanya kazi yake. Siwezi kusema uongo kwa sababu ya hasira. Maji yalipita kwa kishindo, membamba na marefu, soko likabaki kavu, na wakubwa waliokuja kutazama walipeana mikono darajani. Walikaa muda mfupi kwa sababu hapakuwa na cha kukaa kutazama. Maji yalikuwa yameshakwenda.

Kisima cha Shangazi kilianza kwa kuomba kamba ndefu. Tukaunga kamba. Kikatoa maji ya rangi, kisha matope, kisha ndoo ikawa inarudi na mchanga mkavu kwenye kitako. Kila aliyeishi kandokando yalimpata hayo hayo. Sasa wanakwenda kwenye bomba la barabarani na madumu yao, na Shangazi naye, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya viwanja.

Hapo ndipo walipolisimamisha bango. Ni turubai kubwa, limevutwa kati ya vyuma viwili, la kuwaita wanunuzi. Limeandikwa kwamba eneo ni salama dhidi ya mafuriko na kwamba wakazi wa asili wameliridhia kwa furaha. Na katikati, mkubwa kuliko nyumba yake mwenyewe, yupo Shangazi ameinua nyundo, anacheka meno yote nje.

Nililiona mimi kwanza. Nikarudi kibandani, nikachukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia makoti, nikaenda nao moja kwa moja kwa Shangazi. Dada alikuwa uani, anapanga madumu matupu. Aliuona mkasi. Aliniangalia tu, kisha akamwangalia Shangazi.

"Nalishusha leo hii," nilisema. "Mchana kweupe. Anikamate anayetaka."

"Lipi, lile langu?" Shangazi akauliza. Kumbe alikuwa ameshaliona zamani. Alikuwa akilipita kila asubuhi na dumu lake, hakutuambia.

"Hilo hilo. Wamekuweka pale kama umewauzia."

Shangazi aliketi juu ya mdomo wa kisima, ambao sasa haufai kwa kitu kingine.

"Jana mama mmoja ameniuliza nilikuwa nacheka nini," alisema. "Nitamwambia mwanangu alikuwa amenitania?"

Dada aliweka dumu chini. Akaanza kulia, na hakuwa amelia hata mara moja tangu siku ya sanduku.

"Niache nikalikate, Shangazi," nikasema tena.

"Usilikate. Mwanangu amehamia kwenye nyumba yake pale palipokuwa na zizi, nimeona pazia." Aliinuka, akachukua dumu moja kutoka kwenye safu ya dada, akalitikisa kuhakikisha ni tupu. "Dirisha lake linatazama pale. Muache awe anaamka ananiona nilivyokuwa nampenda."

Akatoka na dumu lake kwenda bombani. Dada akachukua mawili akamfuata, na mimi nikautia mkasi mfukoni nikabeba yaliyobaki.